Kutoka Kasumbalesa hadi fainali ya Paris: tenisi niliyoikuta Lubumbashi

Mtu wa Dar es Salaam anayependa tenisi huipenda kupitia simu, na njiani kwenda Lubumbashi, Juni 2025, hata simu ilibaki na tarakimu tu. Ilikuwa Ijumaa ya nusu fainali za Roland-Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Paris. Tulishavuka Tunduma na kurudisha saa nyuma kwa saa moja, na sasa basi lilikuwa ukanda wa shaba wa Zambia, gizani, mtandao ukija na kukata. Jannik Sinner alikuwa anacheza na Novak Djokovic. Video ilikataa kabisa. Kilichopita ni ile programu ya matokeo: 15–0, 15–15, 30–15, na kinukta kidogo kikihama kutoka jina hili kwenda lile kuonyesha nani anaanzisha mpira. Sinner akashinda 6–4, 7–5, 7–6, nami sijaona mpira hata mmoja ukipigwa.

Jirani yangu kwenye kiti, dereva wa lori aliyekuwa anarudi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kulipokea gari lake, alichungulia akauliza natazama nini. Nikamwonyesha.

"Kaka, hizo namba ndiyo mchezo wenyewe?"

Nilimjibu kwamba mchezo uko nyuma ya namba. Akaitikia kwa heshima tu, akalala.

Kasumbalesa tuliingia asubuhi. Anayeijua mipaka mingine ya kwetu bado hajajiandaa kwa malori ya pale: yamepanga foleni hadi macho yanachoka, yale yanayotoka yamebeba shaba, yanayoingia yamebeba kila kitu kingine. Muhuri, kadi ya njano ya chanjo, maswali mawili matatu, kisha gari dogo la abiria. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90. Ni kiangazi, baridi ya asubuhi inauma, na vumbi jekundu limekaa juu ya majani yote ya barabarani. Ukiona lile bomba refu la moshi la Gécamines na kilima cheusi cha mabaki ya madini pembeni yake, umefika.

Binamu yangu anaishi Kamalondo, mtaa wa TP Mazembe, na pale michezo maana yake ni mpira wa miguu. Nilipokelewa kwa bukari (ugali wao), sombe (kisamvu) na samaki, na mtoto wake wa kiume, kijana wa sekondari, hakungoja nimalize kula. "Baba mdogo, Mama anasema weye unapenda tenisi. Twende nikuonyeshe fasi banaangalia."

"Fasi", yaani mahali penyewe wanapoangalia, ilikuwa duka la kubeti.

Sina budi kukaa kidogo kwenye duka hilo, kwa sababu niliyoyaona pale ndiyo sura ya tenisi kwa vijana wengi, Lubumbashi na Dar vilevile. Ukutani kulikuwa na skrini nne. Mojawapo ilionyesha fainali ya wanawake, Coco Gauff na Aryna Sabalenka, sauti imezimwa. Hakuna aliyeitazama. Macho yote yalikuwa kwenye skrini za pembeni, zile za orodha ndefu za mechi na bei zake zinazobadilika kila pointi. Kijana mmoja alinionyesha mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia. Mechi za soka zilikuwa tatu, na chini yake mbili za tenisi, za mashindano madogo kabisa ya wanaume, ya wachezaji ambao hata mimi ninayefuatilia siwajui. Aliwajua kwa majina. Alijua nani amepoteza seti ya kwanza mara ngapi mwaka huo. Nikamuuliza kama amewahi kumwona hata mmoja wao akicheza. Akashangaa. Wapi angewaona?

Kwa nini tenisi? Kwa sababu haina siku ya kupumzika. Kila wiki ya mwaka, karibu kila saa, kuna watu wanacheza mahali fulani, na kila pointi inaweza kuchezewa dau. Namba zinatoka uwanjani kwa njia iliyo rahisi mno: mwamuzi aliyeketi juu ya kiti anabonyeza kifaa chake baada ya kila pointi, na tarakimu ile ile anayoiandikia wachezaji inauzwa, ikafika kwenye duka la Kamalondo baada ya sekunde chache. Mechi za ngazi ya chini ziliingia kwenye biashara hiyo baada ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi kuuza takwimu zake kuanzia 2012. Jopo huru lililochunguza uadilifu wa mchezo huu lilisema wazi mwaka 2018 kwamba uuzaji huo, pamoja na kukua kwa kamari ya mtandaoni, umewasogeza wachezaji wasio na kipato karibu mno na wapanga matokeo. Mchezaji wa nafasi ya 400 duniani halipii hata hoteli yake kwa ushindi wa raundi ya kwanza. Kumpa mtu wa namna hiyo soko la dau la dunia nzima, bila mtazamaji hata mmoja kwenye benchi, ni kumtega.

Na yule anayeliwa hela yake hutafuta wa kumlaumu. Caroline Garcia, Mfaransa aliyewahi kufika nafasi ya nne duniani, aliyaweka hadharani matusi aliyotumiwa baada ya kufungwa kwenye US Open ya 2024. Alieleza kwamba mengi yanatoka kwa watu waliopoteza dau. Baadaye Juni hiyo hiyo ya 2025, WTA, chama cha tenisi ya wanawake, na Shirikisho walitoa hesabu ya mwaka 2024: ujumbe wa matusi na vitisho kama 8,000, ulioelekezwa kwa wachezaji 458, na kati ya kila kumi, minne imeandikwa na wacheza kamari wenye hasira. Habari za Garcia nilimweleza yule kijana mwenye mkeka. Hakubisha. Alisema yeye hajawahi kuandika, ila anao rafiki zake wanaoandika.

Gauff alishinda fainali ile. Dukani hapakutoka hata kofi moja.

Jumapili asubuhi mambo yalikuwa mengine kabisa. Binamu alinipeleka kwa mzee mmoja anayefundisha watoto kwenye uwanja wa udongo, nyuma ya miti ya maembe. Tulimkuta akiandaa. Kwanza anamwagia maji kwa kopo lenye matundu, taratibu, mpaka udongo ugeuke rangi ya tofali bichi. Kisha anaburuta wavu mzee uliofungwa kwenye ubao, akizunguka kutoka nje kuja ndani ili vumbi lisikimbilie pembeni. Mwisho anapiga magoti na brashi na kuisafisha mistari, mmoja mmoja. Watoto walikuwa wanangoja nje ya mistari, raketi kifuani, na hakuna aliyekanyaga kabla hajaruhusiwa.

Walipoanza kucheza, ubishi wa kwanza ulikuja ndani ya dakika tano. Msichana kasema ndani, mvulana kasema nje. Mzee akaenda polepole, akainama, akaizungushia alama ile kidole.

"Angalia hapa, mwana. Unaona mukia yake? Balle imekuja ya kuteleza, imegusa line. Iko ndani."

Alama ya mpira kwenye udongo ina umbo la yai, na upande mmoja una mkia mwembamba wa mahali mpira ulipoburuzika ukiondoka. Watoto wote walikuja kuisoma. Mvulana aliyekosa alirudi kwenye nafasi yake bila neno.

Nilimsimulia mzee kinachoendelea huko kwa wakubwa. Zamani kidogo, mwaka 2004, Serena Williams alinyimwa pointi za wazi kwenye robo fainali ya US Open dhidi ya Jennifer Capriati, watazamaji wakiona marudio kwenye televisheni, na aibu ile ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2006 mchezaji akaruhusiwa kupinga uamuzi kwa Hawk-Eye: kamera zinazouzunguka uwanja zinaufuata mpira, kompyuta inaunganisha picha na kukadiria ulipotua. Baadaye mashine ikaacha kungoja kuulizwa, ikaanza kuita yenyewe. Wakati wa korona, 2020, US Open iliwaondoa waamuzi wa mistari kwenye viwanja vyake vingi. Australian Open ya 2021 ikawaondoa kwenye vyote. Mwaka 2025 mashindano yote ya ATP, yale ya wanaume, yalianza kutumia mashine, na Wimbledon iliyokuwa inaanza mwisho wa mwezi ule ilikuwa ichezwe bila waamuzi wa mistari kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kati ya mashindano manne makubwa, Roland-Garros peke yake ilikuwa imebaki na binadamu, kwa sababu ya udongo.

"Na kwenye udongo mashine inasema nini kama alama inasema ingine?" mzee akauliza.

Swali lake lina jibu la kweli. Aprili ya mwaka huo, mjini Madrid, kwenye udongo, mashine iliuita mpira wa Alejandro Davidovich Fokina kuwa ndani. Alexander Zverev aliona alama iko nje. Mwamuzi hakuruhusiwa kuifuata alama, basi Zverev akachukua simu yake, akaipiga picha. Akapewa onyo. Nilimwonyesha mzee picha hiyo. Aliikuza kwa vidole viwili, akaikodolea muda mrefu, akaniambia yeye angempa pointi Zverev.

Mimi nimeunga mkono mashine tangu mwanzo na bado naiunga. Mchezaji mdogo anayekutana na jina kubwa anastahili mstari usioogopa mtu. Lakini pale uwanjani niliona pia kitu ambacho mashine haina: watoto sita walioinama juu ya alama moja wanajifunza kuona. Kompyuta ikiamua, unajulishwa tu.

Simu hata pale ilikuwa imeshaacha athari zake. Mzee alilalamika kwamba kila mtoto anataka kudondosha mpira nyuma tu ya wavu kama Carlos Alcaraz, kwa sababu vipande vya video wanavyotumiana vinaonyesha mpira ule wa mwisho. Havionyeshi mikwaju minane ya nguvu iliyotangulia, iliyomsukuma mpinzani mpaka kwenye uzio. Msichana mmoja alijaribu mara nyingi, na kila mara mwenzake alishafika. Mzee alimsimamisha na kumwonyesha kwa mikono: mrudishe nyuma kwanza. Ndipo nikamwambia kwamba utazamaji umekuwa ukiubadilisha mchezo huu tangu zamani. Hata rangi ya njano ya mipira iliingia kwenye kanuni mwaka 1972 ili ionekane vizuri kwenye televisheni za rangi. Wimbledon waling'ang'ania mipira myeupe mpaka 1986. Mipira ya watoto wale haikuwa na rangi yoyote ya kutaja. Ilikuwa imenyonyoka manyoya yote.

Jioni ile nilitaka kuitazama fainali ya wanaume nzima, na pa kuitazamia palikuwa baa ya jirani, kwa kuwa mwenye baa alitaka wateja wawahi: saa tatu usiku kulikuwa na fainali ya Ureno na Hispania ya Ligi ya Mataifa. Paris na Lubumbashi wakati huo wa mwaka saa zao ni moja. Saa tisa alasiri, Sinner na Alcaraz wakaanza. Tulikuwa watu wachache, michopo, nyama choma ya kwao, ikiwa bado haijawekwa motoni.

Sinner alichukua seti mbili. Kisha Alcaraz akachukua ya tatu, na watu wakaanza kuingia kwa ajili ya soka. Waliuliza nani ni nani, wakaketi. Kwenye seti ya nne, Alcaraz akiwa nyuma 3–5 na 0–40, Sinner akiwa na pointi tatu za ubingwa, baa ilikuwa imejaa watu ambao saa moja kabla hawakujua hesabu ya tenisi, na wenye kujua walikuwa wanawafundisha wengine kwa sauti. Akaokoa ya kwanza. Akaokoa ya pili. Kijana aliyekuwa meza ya mbele akapiga kelele kabla ya ya tatu kuchezwa: programu ya matokeo kwenye simu yake ilikuwa mbele ya setilaiti. Watu walimgeukia wote kwa pamoja. Mama muuzaji alimwambia, "Papa, geuza hiyo simu, utuachie tuone," na akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Haikuinuliwa tena mpaka mwisho.

Ilikuwa saa tano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote za Roland-Garros. Mpaka leo nikikumbuka seti ya tano nakumbuka pia watu waliokuwa wamesimama nyuma yangu: Alcaraz anataka kumaliza kwa 5–4, Sinner anamvunja, yaani anashinda gemu ambayo Alcaraz ndiye anaanzisha mpira, Sinner anaongoza 6–5, kisha ile taibreki, gemu ya kuamua, ambayo Alcaraz aliishinda 10–2. Mwamuzi aliposhuka kutazama alama kwenye udongo, watu wa baa nao walisogea kwenye skrini kuisoma, na wakatoa hukumu kabla yake. Soka lilipoanza, meza mbili bado zilikuwa zinabishana kuhusu pointi ya ubingwa ya pili.

Jumatatu nilimrudia mzee kumuaga. Naye alikuwa ameitazama, kwa jirani yake. Hakuzungumzia taji. Alitaka kujua kwa nini walikuwa wanaletewa mipira mipya kila wakati. Nikamweleza kanuni: inabadilishwa baada ya gemu 7 za mwanzo, halafu kila baada ya gemu 9. Akauliza ile ya zamani inakwenda wapi.

Kwa hiyo ninyi wenzangu mnaocheza kwenye klabu za Dar, Arusha na Nairobi, mipira mnayoitupa baada ya wiki mbili msiitupe. Iwekeni kwenye mfuko. Mabasi ya Lubumbashi yanaondoka, na madereva wa malori wanaokwenda Kasumbalesa ni wengi; mmoja tayari amekubali kunibebea gunia la kwanza.