Mradi wa upanga wa Kijapani: nimeusoma msuka

Mpini umetoka, na msuka, yaani sehemu ya ubapa inayokaa ndani ya mpini, uko wazi. Kijiti cha mwanzi kinachoushikilia kilikuwa kimekauka tunduni mwake, nikakigonga polepole kutoka upande mwembamba hadi kikaachia. Kikafuata kikinga mkono chenye maua ya mcheri, kisha washa zake, vile vibati bapa vinavyokibana. Nimezipanga mezani kwa mfuatano zilivyotoka, maana kila moja imegongwa namba, na namba ni ileile kotekote: 87. Vifaa hivi vilifungwa pamoja tangu mwanzo, havikuokotezwa huku na huku.

Kwa nje upanga ulishajieleza kidogo. Ni wa afisa wa jeshi la nchi kavu, muundo wa 1938, ala yake ya chuma ina pete moja ya kuning'inizia. Kishada ni cha kahawia na buluu, rangi za maafisa wa ngazi ya luteni hadi kapteni. Lakini kishada na ala hubadilishwa kwa dakika chache. Anayetaka kujua ubapa ulitengenezwa wapi, na lini, ausome msuka.

Nilizima taa ya juu nikaweka tochi ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma, na herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake. Kutu nyeusi ya msukani sikuigusa wala sitaigusa. Wajuzi hupima umri wa upanga kwa rangi ya kutu hiyo, na mtu akipitisha msasa hapo ameharibu ushahidi usiorudi tena.

Upande mmoja unasema 興亜一心満鉄作之. Herufi nne za kwanza ni kaulimbiu ya wakati ule, Asia inayoinuka kwa moyo mmoja. Zinazofuata zinamtaja mtengenezaji: Mantetsu, Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini (Manchuria ni eneo la kaskazini-mashariki mwa China), iliyoanzishwa 1906. Ndiyo, kampuni ya reli! Karakana zake za mjini Dalian, hukohuko, zilitengeneza panga za maafisa kwa chuma laini cha kati kilichovikwa chuma kigumu, na ule mstari wa ukazaji wa chuma unaoonekana kando ya makali, unaokwenda karibu sawa bila mawimbi makubwa, ndio nilioutarajia kwao. Nilifurahi mno, sikatai. Ila kaulimbiu ile inanikera kila ninapoitazama. Japani iliivamia Manchuria mwaka 1931 kwa mtutu wa bunduki, na wenyeji hawakuulizwa kama moyo wao ni mmoja na wa mvamizi. Nitaiandika hivyo kwenye kadi ya maelezo ya upanga huu, kando ya vipimo.

Upande wa pili ndio ulionishughulisha zaidi: 昭和辛巳春. Panga nyingi za vita hutaja mwaka wa enzi ya Showa, yaani utawala wa mfalme Hirohito, kwa tarakimu. Unajumlisha 1925 umemaliza. Hapa hakuna tarakimu. Kuna jozi ya kalenda ya kale, ambamo alama kumi huzunguka sambamba na wanyama kumi na wawili, na jozi moja hurudi kila baada ya miaka 60. Hii ni alama ya nane pamoja na Nyoka. Jozi hiyo iliangukia 1881, 1941 na 2001. Enzi ya Showa ilianza Desemba 1926 ikaisha Januari 1989, kwa hiyo unabaki mwaka mmoja tu: 1941. Herufi ya mwisho ni majira ya kuchipua. Miezi michache baadaye, Desemba, Japani ikashambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii.

Bado mgongo wa msuka. Mantetsu waliweka hapo herufi moja ya kufuatanisha, kisha namba ya ubapa. Namba naiona nusunusu, herufi imefunikwa na kutu. Nitajaribu unga wa chaki na mwanga kutoka pembe nyingine.

Ubapa nimeupaka mafuta ya choji, yale ya jadi ya Wajapani yenye harufu ya karafuu. Aliyekulia Pemba angeyatambua kabla hajaingia chumbani. Msuka nimeuacha mkavu, na mpini nitaurudisha namba ya mgongoni ikishasomeka.