Muvi mbili za kucheki ukiwa umejilaza kwenye kochi

Wikendi hii kama hauna mpango wa kutoka anza na 12 Angry Men. Najua ukiskia ni ya 1957 na haina rangi utasema aah hiyo si bora nilale, hata mimi niliiruka miaka, lakini yani ni wanaume 12 wamefungiwa chumba kimoja, joto kali, feni imegoma, wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua babake ana hatia au la, 11 wanasema anayo, mmoja tu anakataa. Kuna pale anatoa kisu mfukoni anakichoma mezani, kinafanana kabisa na kile cha ushahidi, nikajikuta nimekaa wima. Alafu cheki kamera inavyozidi kuwasogelea mpaka chumba kinaonekana kimebana. Dakika 96 tu.

Ukimaliza weka Parasite, ya Korea Kusini, 2019. Hapo simu weka mbali maana ni kusoma maandishi ya chini, ukichati kidogo tu umepotea, na tafadhali usiangalie trela!! Ile kengele ikilia usiku na mvua inanyesha... sisemi kitu. Za mapigano ntaandika siku ingine, saa hizi sina mzuka nazo.