Minyoo bapa wa Acropora: nimewamaliza, na si kwa dawa peke yake

"Chovya tu tumbawe kwenye aiodini, minyoo wataisha." Maneno haya nimeyasikia mpaka yakanichosha. Anayeyasema ama hajawahi kufuga Acropora, yale matumbawe ya matawi ya tangi la maji ya chumvi, ama anao minyoo bapa mpaka leo na hana habari.

Kutokuwa na habari ni rahisi mno. Mnyoo huyu, Prosthiostomum acroporae, anakula nyama ya tumbawe, na rangi ya alichokula inabaki mwilini mwake. Akilala juu ya tawi la kahawia, naye ni wa kahawia, mwembamba hata kivuli hana. Wewe unachoona ni tumbawe linapauka na ncha zimekufa rangi. Unalaumu taa, unapima kalsiamu, unabadilisha maji, unapima tena. Vipimo vyangu vilikuwa safi, ndipo nikashika lenzi ya kukuzia. Upande wa chini wa matawi, kule mwanga usikofika, kulikuwa na vidoa vyeupe vya duara. Ugonjwa hauli kwa miduara. Huo ni mdomo wa mlaji!

Kuhakikisha, nilichukua sirinji kubwa isiyo na sindano na bakuli jeupe lenye maji ya tangi, nikalipiga tawi kwa mkondo wa maji. Weupe wa bakuli ndio ujanja wenyewe, maana akibandukia ndani ya tangi humwoni. Akadondoka mmoja, amejikunja kama ganda la kitunguu, kisha akajinyoosha na kuanza kuteleza pembeni mwa bakuli bila haraka, kama mwenye nyumba. Nilimtazama muda mrefu kuliko inavyostahili. Baada yake wakaja wenzake, na tawi lile nilikuwa nikilisifia kwa wageni!

Basi nikachovya kama nilivyoambiwa. Walidondoka wengi, maji ya ndoo yakajaa vipande vyao, nikajiona bingwa. Wiki chache baadaye, sirinji, bakuli, na wao hao. Nikachovya tena, wakarudi tena. Sababu ni mayai. Dawa haiyaui. Mnyoo huyataga kwenye mifupa mitupu ya tumbawe, hasa karibu na kitako, pale nyama inapoishia: vidoti vya rangi ya dhahabu iliyoiva, vimebanana, na kila kimoja kina watoto zaidi ya mmoja. Maji yakiwa ya joto zaidi, huanguliwa mapema zaidi. Kwa hiyo mtu anayechovya mara moja anaua wazazi na kulea yatima.

Nilichofanya ni kuhamisha Acropora zote, hata zile zilizoonekana nzima, kwenye tangi tupu: hakuna mwamba, hakuna mchanga. Kila kipande nilikivunja kutoka kwenye kitako chake, yaani kile kijiwe kilichogundishwa chini yake, kitako nikatupa. Sehemu iliyokufa nilikata, na nisipoweza kukata nikaifunika yote kwa supagluu, yai lisipate pa kutokea. Kisha nikachovya kila wiki, ili anayeanguliwa afe kabla hajataga. Kazi ya kuchosha, mikono inanuka dawa mpaka usiku.

Tangi kubwa lilikaa bila Acropora zaidi ya miezi miwili. Samaki waliendelea na maisha yao, kwani mnyoo huyu hali kitu kingine, akikosa Acropora anakufa njaa. Angalieni visiki lakini! Tumbawe lililoota juu ya mwamba ukilikata, kipande cha nyama kikibaki chenye ukubwa wa kucha, ni chakula tosha. Visiki vyangu nilivizika chini ya gundi ya udongo.

Wapo walioniambia ninunue Halichoeres chrysus, yule samaki wa njano, nikalale. Ninaye, nampenda, anadonoa minyoo anaowaona. Mayai hayagusi. Mwingine akasema nitumie dawa ya milbemycin. Hiyo ni ya wale wadudu wekundu wadogo wa Acropora, ambao ni ndugu wa kamba. Minyoo bapa haiwahusu, na kamba na kaa wako ndio watakaokwenda.

Gharama sikuandika popote. Tangi la ziada nilikuwa nalo, dawa iliisha chupa na nusu hivi, supagluu ndiyo iliyonifilisi.

Siku hizi muuzaji akiniambia "haya yameshachovywa", naitikia kwa adabu, nikifika nyumbani navunja kitako, nachovya, na kipande kinaingia karantini wiki sita au zaidi. Montipora na zoanthidi, jamaa wengine wa matumbawe, sikuzihamisha, minyoo hawa hawazili. Zina maadui zao, konokono wadogo wasio na gamba, na mayai ya hao pia dawa haiyawezi: tafuta chini ya kipande, kwangua kwa mswaki, kisha ndipo uchovye.