Polisi ilikosekana, mialiko ikachelewa

Kwanza niwaeleze ile neno, ju wengine mutasoma mukiwa Mombasa ama Dar. Sisi huku Bukavu ordinateri (kompyuta) zetu ziko mu Kifaransa, na mu Kifaransa sura ya herufi, ile mwaita fonti, inaitwaka polisi, sawasawa na polisi ya barabarani. Kwa hiyo mutu akikuambia "nimeinstale polisi tatu leo" usikimbie.

Sasa juzi mama mumoja jirani yetu hapa Kadutu aliniomba nimutengenezee mialiko ya ndoa ya binti yake Bénédicte. Nikapakua polisi moja ya kama mwandiko wa mukono, ile yenye mikia mirefu, nikakesha nayo mupaka saa saba usiku, ikatoka muzuri kweli, majina ya maharusi yanapanda na kushuka kama njia za kwetu. Asubuhi nikatia fishie (faili) mu kle ya USB, tukashuka na mama mupaka Nyawera fasi wanachapaka rangi. Kijana akafungua fishie na aka, mikia yote imepotea! Majina yamesimama wima kama barua ya tribinali, na ju zile herufi ni nene kupita zangu, adresi ya sale ya sherehe imeanguka peke yake mu ukurasa wa pili. Kijana akasema tu: "Polisi haiko mu mashini." Mama akakumbatia mukoba wake: "Polisi? Polisi wanatafuta nini mu mualiko wa mutoto wangu?"

Njo hivi: fishie ya Word kwa kawaida haibebaki polisi, inabeba jina lake tu. Mashini ikitafuta yule wa hilo jina na kumukosa, inaita mwingine yeyote aliye karibu.

Nikasema si neno, ile zip (fishie iliyobanwa, njo polisi ilikuja ndani yake) niko nayo, tuinstale hapa hapa. Kazi yenyewe ni ya dakika moja: unatosha (unatoa) fishie inje ya zip (wengi wanakwamaka hapa, wanakliki ndani ya zip na kushangaa), zinaishiaka na .ttf ama .otf, unakliki na batani ya kuume, unachagua «Installer», basi, inaenda kukaa na wenzake. Alafu unafunga Word na kuifungua tena. Lakini ile mashini ilikuwa Windows 7, inaomba neno la siri la mwenyewe, na mwenyewe yuko Uvira, simu haipiti. Ingekuwa Windows 10 kuanzia toleo 1809 la 2018 tungepona, ile inakuachia uweke polisi kwa akonti yako tu bila kuomba mutu, ukitaka watu wote wa mashini waione njo unachagua «Installer pour tous les utilisateurs» na hapo sasa itaomba ruhusa. Kama mashini ni yako weka ya wote, ju programu zingine za zamani haziionaka ile ya akonti moja.

Tukapanda tena Kadutu kwa miguu, mama hasemi kitu.

Mudogo wangu ye hatumii Windows, anatumiaka Ubuntu, akanicheka sana: kwake unatupa fishie mu ~/.local/share/fonts, unaandika fc-cache -f mu terminali (dirisha ya kuandika amri), imeisha. Sawa, lakini akifungua kazi zangu za polisi ya Calibri ye anaonaka Carlito, polisi ingine walitengeneza na upana ule ule ili mistari isivunjike, so asijivune.

Mi nikafanya kile ningefanya tangu usiku, nikatosha PDF, ju PDF inabeba sura za herufi ndani yake. (Hata Word iko na kakisanduku mu Options, Enregistrement, «Incorporer les polices dans le fichier», polisi zingine tu njo zinakataaka.) Nikamuonyesha mama ku ekra. Akavaa miwani, akainama, akaweka kidole ju ya jina la binti yake: "Mwanangu, hizi é mbona zimesimama kama askari?"

Kweli. Ile polisi haikuwa na é hata moja. Word ilikuwa imekopa é mbili za polisi ingine, na mi nilikesha na hilo jina usiku muzima bila kuona! Tangu siku hiyo, mbele ya kupakua naandikaka é è ê ç mu kale kakisanduku ka kujaribia polisi ku site, zikikosekana napita. Na nikirudi kusoma vizuri masharti ya ile polisi, imeandikwa ni ya matumizi ya nyumbani tu, wakati mama ananilipa. Nikaitosha, nikachukua Great Vibes ya Google Fonts, ile ni bure hata kwa kazi ya kulipwa na aksanti ziko zote.

Mialiko ilitoka na kuchelewa siku mbili. Mama aliridhika, lakini ku parokia wakimuuliza mbona imechelewa hivyo, anajibu tu "ni ju ya polisi", na sasa watu wananipigia simu kwa sauti ya chini kuniuliza bwana harusi alifanya nini.