Miaka mitano ndani ya nyumba ya udongo

Jumapili usiku. Watoto wamelala, mama watoto yuko shifti ya usiku, mi nimekaa jikoni na chai iliyopoa, na kichwa bado kiko kwenye mji wa Beatrice, huku Nebraska, tulikoenda jana.

Kutoka hapa mjini Lincoln hata saa moja haiishi, na miaka yote hii nimekuwa nakipita kile kibao barabarani bila kukata kona. Ni shamba la Daniel Freeman, sasa hivi ni makumbusho ya taifa. Sheria ya kugawa ardhi Rais Lincoln aliisaini Mei 20, 1862, ikaanza kazi Januari 1, 1863, na inasimuliwa huyu Freeman aliandikisha ekari zake 160 pale Brownville usiku wa manane, mwaka umeingia tu. Ekari 160, ada zote ukijumlisha dola 18. Unajenga, unalima, unakaa miaka mitano, mwisho majirani wawili wanakuja kukushuhudia kwamba kweli huyu tumemwona hapa, ndo unapewa hati. Hata mgeni aliruhusiwa ilimradi aandike nia ya kuwa raia, na mwanamke pia kama hana mume au ni mjane. Watu kama milioni 1.6 walipata hati zao kwa njia hiyo.

Lakini kilichonishika mi ni nyumba. Hizi mbuga za nyasi hazikuwa na miti, sasa mtu amefika na mke na watoto kwenye gari la kukokotwa, atajenga na nini? Wakawa wanapitisha plau juu ya ardhi yenyewe, inatoka kama mkanda mrefu, nyasi na mizizi yake imeshikana vizuri kabisa, wanaukata mabonge mabonge, wanayapanga kama tofali, ukuta unakuwa mnene zaidi ya nusu mita. Juu wanalaza fito, halafu matawi, halafu nyasi, halafu udongo tena.

Nilisimama pale nikasema hii si ni tembe! Jamani, hii ni tembe kabisa. Mi nimezaliwa kwenye tembe, Dodoma vijijini, paa bapa la udongo tunaanika mtama juu na mlenda, na kifuku kikianza, yaani msimu wa mvua, kila mtu anajua sehemu yake ya kujibanza. Huku nao walikuwa wanasema mvua ikinyesha nje siku moja, ndani inanyesha mbili, maana udongo ukishashiba maji unaendelea kudondosha hata jua likitoka. Wamama walitundika shuka chini ya paa kuzuia mchanga na wadudu, na nyoka pia, maana nyoka alikuwa anadondoka. Mama yangu nyoka alimdondokea karibu na jiko mara mbili, yule wa pili nilikuwepo.

Na kuni hakuna. Walikuwa wanaokota mavi makavu ya baisani, wale nyati wa Marekani, na baisani walipokwisha wakaokota ya ng'ombe, wengine wanasokota nyasi kavu wanachoma, mchana kutwa mtu yuko anasokota nyasi ili mkate uive.

Kuna mpiga picha anaitwa Solomon Butcher, kuanzia 1886 alizunguka Custer County, wilaya ya huku Nebraska, akipiga picha hizi familia mbele ya nyumba zao, na picha moja siisahau. Familia imesimama nje, wamevaa vizuri, mifugo iko kwa nyuma, na hapo katikati ya vumbi kuna kinanda. Yule mama alitaka ndugu na rafiki waliobaki mashariki wajue ana kinanda, ila hakutaka waone anaishi kwenye nyumba ya udongo, basi kikabebwa nje, picha ikapigwa nyumba haionekani. Namuelewa sana. Picha ya kwanza niliyotuma nyumbani kutoka Marekani nilisimama kwenye bustani ya watu wengine.

Halafu nikasoma kitu kilichonifanya nimtazame mke wangu. Ukiondoka kwenye shamba zaidi ya miezi sita, unahesabika umelitelekeza. Sasa hela haipo, mwaka wa kwanza unavuna kidogo mno, baba wa familia anaenda kufanya kibarua kwenye reli au kwa wakulima wa mbali, na nani anabaki kukaa ili miaka mitano isikatike? Mama na watoto. Ndo wanachota maji, wanalisha ng'ombe, wanalala peke yao na upepo unapiga usiku kucha na jirani wa karibu taa yake huioni. Hati ikija ina jina la mume.

Baba yangu alikuwa Kilosa kwenye mkonge miaka mingi, anarudi na sukari na kitenge, na kijijini watu wote walisema "kwa fulani" wakitaja jina la baba, wakati paa lile likivuja aliyepanda na udongo kichwani ni mama. Na sisi hapa, tulipokuwa tunasubiri uraia, miaka mitano na grini kadi, tukaambiwa ile ile, msitoke zaidi ya miezi sita. Baba alipofariki nilikaa nyumbani wiki tatu nikarudi. Aliyeshikilia kila kitu huku, watoto, kodi, zamu zake kiwandani, ni mke wangu. Sijawahi kumshukuru vizuri, naandika hapa ili nisisahau kumwambia akirudi asubuhi.

Mengine niliyapita haraka maana watoto walichoka. Nzige wa 1874, wanashuka kama wingu, wanamaliza mahindi, wamama wanakimbia kufunika bustani na mablanketi na nzige wanakula na blanketi. Ila kwenye Januari 12, 1888 binti yangu alinishika mkono. Asubuhi ile kulikuwa na joto la ajabu kwa Januari, watoto wakaenda shule bila makoti mazito, halafu dhoruba ya theluji ikaja ghafla wengi wakiwa shuleni au njiani. Inakadiriwa watu 235 walikufa, wengi watoto. Akaniuliza, "Baba, mama zao walikuwa wapi?" Nikamwambia walikuwa nyumbani wanawasubiri, mwanangu. Hatukuongea mpaka nje.

Na nje ni nyasi tu, ndefu zinakufika kifuani, zimepandwa upya ili mtu aone palivyokuwa. Hapa nasema wazi, haikuwa ardhi isiyo na wenyewe. Waotoe na Wamissouria, makabila ya wenyeji wa asili, walikuwa hapa, eneo lao likapunguzwa na kupunguzwa mpaka 1881 wakahamishiwa Oklahoma, na wamama wao nao walifunga mizigo na watoto mgongoni. Siwezi kumhurumia yule mama wa kinanda nikawaruka hawa.

Leo asubuhi nikapiga simu nyumbani, nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa mama." Nikamhadithia yote, tembe za wazungu, akacheka mpaka akakohoa, akawa ananiuliza wazungu kweli? na mavi ya ng'ombe? Nikamhadithia na ya kinanda. Hapo akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Sasa mwanangu, kifuku kikianza, hicho kinanda alikuwa anakifunika na nini?"