Machame ya Sam Ntiro

Jioni kadhaa za wiki hii nimezitumia kutazama kwenye kompyuta picha za marehemu Sam Joseph Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kustaajabu kwamba mtu aliyeishi Kampala, London na Dar es Salaam hakuchoka kuchora migomba. Watu wake ni wadogo, ni wengi, na nyuso zao hazionekani. Kinachomtambulisha kila mmoja ni kazi aliyo nayo mkononi au mzigo aliojitwisha. Wapo wanaouona huo kuwa udhaifu wa mkono. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ukisimama upande wa pili wa bonde humtambui jirani kwa pua yake, bali kwa mwendo wake na kwa kile alichobeba.

Nadhani chanzo cha mtazamo huo ni Makerere. Mwalimu wake, Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa huko katika miaka ya 1930, alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio fulani, kisha akawaacha wachore kile walichokiona akilini mwao. Njia hiyo ilimfaa kijana aliyekuwa mbali na kihamba cha kwao, yaani shamba la migomba la familia, kwani haikumdai asimame mbele ya mgomba ndipo auchore. Alipokwenda kusoma Slade, shule ya sanaa ya London, mwaka 1952, alikuta shule iliyosifika kwa kuchora mwili wa mtu aliyeketi mbele ya darasa. Akasoma, akamaliza, akarudi kufundisha Makerere, na Machame yake ikabaki ileile.

Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikaingia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Huenda mtazamaji wa huko huona msafara wa usiku tu. Mchagga anajua zaidi: mbege, yaani hiyo pombe ya ndizi, ya ndoa haipelekwi mara moja ikaisha, bali hufuata hatua baada ya hatua, na kila hatua ina wazee wa kuionja na kusema kama mazungumzo yaendelee.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Ntiro alitumwa kuiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza, akakaa huko hadi 1964, na baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyeo hivyo havinivutii sana. (Mkewe, Mama Sarah Nyendwoha wa Uganda, aliyesoma Oxford, anastahili kuandikiwa shajara yake peke yake.) Ninachokiona cha maana ni kwamba ofisi zote hizo hazikumtoa shambani.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikera katika utulivu wake. Kilimanjaro aliyokulia ilikuwa ya kahawa na ya ushindani mkali: walowezi walikuwa wamechukua ardhi, wakulima Waafrika walikuwa wameunda chama chao mwaka 1925 ili kuitetea kahawa yao, na vihamba vilikuwa vikigawanywa kwa watoto wa kiume hadi kubaki vipande vyembamba. Katika picha zake nilizoziona hakuna mlowezi, hakuna karani wa mizani, wala ndugu wawili wanaobishania mpaka wa masale, mimea inayopandwa kugawa vihamba. Kuna watu wanaofanya kazi pamoja, na mlima nyuma yao. Najua kwamba kumfanya mkulima kuwa kiini cha picha, wakati ambapo wageni wengi walimchora kama pambo la mandhari, lilikuwa tayari tamko. Lakini bado ningetaka kujua wale wanawake wenye mizigo kichwani wanakwenda soko gani, wanauza kwa bei gani, na fedha hizo wanarudi nazo kwa nani.