CV ya nyota tatu na nusu: jinsi nilivyopata kazi baada ya kuacha kusikiliza kila mtu

Kila mwenye kazi ni mtaalamu wa kutafuta kazi. Hata aliyeingizwa ofisini na shemeji yake, na ambaye hajawahi kuandika barua ya maombi maishani, atakukalisha chini akufundishe. Nami nilikuwa nasikiliza tu, maana asiye na kazi hana ubavu wa kubishana. Sasa ninayo, kwa hiyo naomba nibishe.

Nianze na ushauri ulioniuma zaidi, ule wa CV "ya kisasa". Binamu yangu mmoja anayejua kompyuta alinitengenezea CV ambayo ukiiona unaweza kudhani ni kadi ya harusi. Ilikuwa na safu mbili, ya kushoto ikiwa ya buluu iliyokoza. Picha yangu ilikaa ndani ya duara, jina na namba ya simu vikakaa kwenye utepe wa mapambo juu kabisa, na ujuzi wangu ukapewa nyota kama hoteli: Excel nyota nne, Kiingereza nyota tatu na nusu. Hiyo nusu hadi leo sijui aliipimaje. Tuliisifia familia nzima. Nikaituma kila penye tangazo, bando likiisha naongeza, na majibu yakawa kimya. Afadhali hata ningekataliwa.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja anayefanya kazi idara ya rasilimali watu. Hakunipa hotuba. Aliniambia tu, "Kaka, fungua hiyo CV yako, chagua maandishi yote, nakili, halafu kabandike kwenye Notepad, ile programu ya kompyuta ya maandishi matupu. Uisome." Nikafanya hivyo. Mstari wa kwanza wa uzoefu wangu ulisomeka hivi: "Mtunza stoo Excel Machi 2019 Kiingereza hadi Juni kuendesha foklifti 2022." Safu mbili zilikuwa zimesukwa pamoja, neno la kushoto na neno la kulia. Nyota zimegeuka vijisanduku vitupu. Namba ya simu haikuwepo kabisa, kwa sababu ule utepe wa juu ulikuwa picha. Hata kama kuna mtu alinitaka, angenipigia wapi?

Waajiri wengi wakubwa hupokea maombi kwa mfumo wa kompyuta unaochota maandishi kutoka kwenye CV na kuyapanga mahali pake: jina, simu, kazi ya mwisho, miaka, elimu. Watu hupenda kusema roboti limewakataa. Mara nyingi hakuna aliyekukataa. Afisa ameandika neno analolitafuta, orodha ya majina imekuja, na lako halimo. Tangazo likisema "usimamizi wa bohari" na wewe umeandika "stoo" peke yake, hamtakutana. Mimi siku hizi naandika yote mawili, kwa sababu yote ni kweli. Safu moja, vichwa vya kawaida (Uzoefu wa Kazi, Elimu, Ujuzi), picha nje, nyota nje. Kila nikiibadilisha, narudi Notepad kwanza.

Kuna mjanja mwingine aliniambia nibandike tangazo zima mwishoni mwa CV kwa herufi nyeupe, eti mfumo uyaone maneno na binadamu asiyaone. Mtu yeyote akinakili maandishi hayo kama nilivyofanya mimi, uchawi wako wote uko mezani. Achana nao.

Kilichobaki kilikuwa maneno yenyewe. CV ya zamani ilisema "nilihusika na utunzaji wa kumbukumbu", sentensi ambayo hata aliyekuwa analala kazini anaweza kuiandika. Nikaibadilisha: "Nilihesabu mali ya stoo kila Ijumaa na kuilinganisha na kitabu, hivyo tofauti zilizokuwa zikionekana mwisho wa mwaka zikaanza kuonekana ndani ya wiki." Ni kazi ileile niliyoifanya, ila sasa mtu anaiona.

Barua ya maombi nilijifunza kwa Leonardo da Vinci, na sitanii. Mnamo mwaka 1482 hivi alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, akiomba kazi. Ukiisoma unashangaa: madaraja mepesi ya kubebeka vitani, mizinga, namna ya kubomoa ngome, magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji unatajwa mwishoni mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo mlangoni. Alijua anayemwandikia anawaza maadui, hawazi picha. Mimi barua zangu zilikuwa zinaanza na jinsi ninavyoipenda kampuni na jinsi hali yangu ilivyo ngumu. Nikafuta vyote, nikaanza na upotevu wa bidhaa, kwa sababu hicho ndicho kinachomkosesha mwenye ghala usingizi.

Tuje kwenye koneksheni. Watu wakisema bila koneksheni hupati kazi, wanamaanisha mjomba mkubwa. Mimi sina mjomba mkubwa. Lakini mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka 1973 makala iliyonipa moyo. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa kama asilimia 17 tu. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema kwa nadra. Sababu inaeleweka ukiifikiria: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Nafasi usiyoisikia iko kwa mtu usiyeongea naye.

Basi nikakaa na simu, nikashuka kwenye orodha ya majina hadi kwa watu ambao nimewahifadhi kama "Dereva Katoni" na "Yule wa Mizani". Huyo Dereva Katoni alikuwa akileta mzigo stoo kwetu zamani. Nikamwandikia: "Habari za siku nyingi, kaka. Ni mimi wa stoo niliyekuwa nakusainia hati za mzigo. Nasikia siku hizi uko kwenye ghala kubwa. Naomba dakika kumi kwa simu nikuulize wanatumia mfumo gani wa kuhesabu mali, na wanapenda mtu wa aina gani."

Angalia vizuri: sikuomba kazi. Ukimwomba mtu kazi unamlazimisha akujibu "nitakuangalizia", na neno hilo likishatamkwa mazungumzo yamekufa na urafiki umeingia aibu. Ukimuuliza swali analolijua, anajisikia mtaalamu. Jamaa alinipigia jioni ileile, dakika kumi zikawa karibu saa nzima, na kabla ya kukata akasema, "Halafu kuna mama mmoja kwenye kitengo cha mapokezi ya mizigo anaondoka mwezi ujao, sijui kama wameshatangaza." Hawakuwa wametangaza. Walipotangaza, maombi yangu yalikuwa tayari, yakiutaja mfumo wao kwa jina.

Katikati hapo nilipigiwa na "wakala" aliyekuwa na kazi nzuri mno. Kwanza ilikuwa ada ya fomu, kidogo tu. Baadaye, akasema, ingekuja ada ya vipimo vya afya, kisha ya sare. Niliishia kuisoma ile fomu tu, hela sikutoa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi, ingawa unaruhusu nchi kuweka misamaha michache. Mimi kanuni yangu haina msamaha: anayetaka hela yangu ili anipe kazi, hana kazi.

Usaili nao. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukiulizwa udhaifu wako, jibu "najituma kupita kiasi". Nililijaribu mahali fulani. Mwenyekiti wa jopo akamtazama mwenzake, wakatabasamu, nikajua mimi si wa kwanza siku hiyo kutoa jibu hilo. Kwa usaili wa ghala nilijiandaa na visa vichache vya kweli, kila kimoja kikiwa na hali ilivyokuwa, jukumu langu, nilichofanya na kilichotokea. Nikavisimulia kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani hadi nikaacha kubabaika.

Kilichonibeba ni kisa cha dazeni. Stoo ya zamani hesabu ilikuwa haikai kila wiki, na kila mtu anamshuku mlinzi. Nikafuatilia kwenye karatasi, nikakuta zamu ya asubuhi inaingiza bidhaa kwa katoni na zamu ya jioni inazitoa kwa dazeni, na katoni ile ilikuwa ya vipande 24. Hakuna aliyeiba. Nikabandika mlangoni karatasi yenye kipimo kimoja kwa zamu zote. Jopo lilisahau maswali yake yaliyoandikwa, wakawa wananiuliza ya kwao: na vipande vilivyovunjika mliviandika wapi? Na mlinzi mlimwomba radhi? (Tulimwomba.)

Simu ya kuitwa kazini ilikuja nikiwa nimeshaalikwa usaili kwingine. Ndugu zangu wakataka nifute ule mwingine papo hapo. Nikasema hapana, hadi nione barua. Ilipokuja, kipindi cha majaribio kilikuwa kirefu kuliko nilivyoambiwa kwa simu, na malipo ya muda wa ziada hayakutajwa popote. Nikapiga simu kwa adabu, nikauliza. Wakarekebisha vyote viwili, na aliyenijibu akaniambia ni karani aliyetumia barua ya kitengo kingine. Nikasaini, ndipo nikawapigia wale wengine kuwashukuru na kuwaambia siji.